Bega Yangu na Bukari ya Bukwe

Hapana, shangazi. Bega yenye kushonwa ku lopitali haiko bega yenye kukufa. Ni bega kama ya bantu bote, paka iko na kovu kidogo mbele, na kovu inafunikwa na robe.

Vile njo nilimujibu leo, na hakuinua hata macho. Shangazi ni dada mukubwa ya baba. Alikuya kwetu kupumzika kidogo wakati mi nilikuwa darasa ya kwanza, na mupaka leo anapumzika. Alikuwa anapasula kalanga mu lupango, mu kiwanja ya nyumba yetu, anatupa maganda paka upande yenye nilimaliza kufagia. Akasema binti mwenye kukataa bwana, bantu banamuita mwenye kiburi, na kiburi haizuie ndoa.

«Lakini binti mwenye mukono ya kuchomoka kama ya poupée ya batoto? Nani ataoa nusu?»

Nikamwambia mi siko nusu. Niko muzima, paka kichwa ya humérus, ule mufupa ya juu ya mukono, njo haipende kuikala mu nafasi yake.

«Humérus,» akasema. «Mbele ya kukupeleka kwa bamamère, ulikuwa na bega. Sasa uko na humérus.»

Nataka niandike haya maneno yote kwa mustari, juu mu cité, mu mutaa yetu, bantu banajua paka bongo, uongo tu, na ile bongo iko nzuri kupita kweli. Banasema nilikataa muchumba yangu. Mi sikumukataa. Mi namutaka ule muntu, na kwa kumutaka njo nilipoteza bega mbele ya mama yake.

Bega ilianza ku shule, kwa sababu ya kengele. Mwaka ya mwisho bamamère, bale basista benye shule, balinipa kazi ya kupigisha kengele ya chapelle. Kengele yenyewe ni nzito, kamba yake ni ndefu, na mi niko mufupi. Mamère mukubwa alinifundisha: unavuta, unaacha kamba ipande, unangoja, unavuta tena. Kuvuta nilijua. Kungoja njo kulinishinda. Siku moya nilivuta mara ya pili mbele kengele imalize kurudi, na kamba ikapanda pamoja na mi. Miguu iliacha chini. Mukono ya kuume ilienda juu na nyuma, nikasikia kintu ndani ya bega inafanya kloc, halafu nikaanguka mu kikapo ya maua ya altare. Kengele ikaendelea peke yake, bila mupango. Bamama ya karibu balifikiri mupe, padri yetu, amekufa. Balifika ku mulango bakiwa bamesha kuanza kulia, na wakati baliona ni mi, balikasirika juu ya machozi yabo.

Bakaita infirmier, muuguzi ya dispensaire, mubaba mwenye sura ya mazishi lakini na mikono mizuri. Aliniangalia, akagusa pale bega ilikuwa imekuwa ya pembe badala ya mviringo, akasema, «Imetoka mbele.» Akavua kiatu ya kuume. Akaomba pardon kwa mamère. Akanilalisha chini, akaweka kisigino yake mu kwapa yangu, na akaanza kuvuta mukono, polepole, kama muntu mwenye kuvuta ndoo mu kisima na hataki maji imwangike. Mamère aligeukia ukuta na kukamata rozari. Soksi ya infirmier ilikuwa na tundu, na mu ile tundu kidole chake kikubwa kilikuwa kinaniangalia karibu na jicho. Nilikuwa nasali kwa ajili ya ile kidole isogee, na njo bega ikarudi. Kloc. Mamère akasema «Amen» mu ukuta.

Tangu ile siku bega ilijua njia. Ilitoka wakati nilianika bikwembe, nguo ya kujifunga, ku kamba. Ilitoka wakati nilimuitika rafiki ngambo ya barabara na kuinua mukono juu zaidi. Sasa niko monitrice, nafundisha batoto badogo, na kama naandika juu kabisa ya tablo, ninaweza kuandika «a, e, i» na kubakia pale na mukono yenye kuninginia. Basi naandika paka chini. Inspecteur alipita siku moya, akaona batoto banasoma bila kuinua shingo, akanisifu mbele ya bote: banafunzi badogo, maandiko ya chini, njo methode ya kisasa. Bamonitrice bengine sasa banapiga magoti kwa kuandika.

Mwishoni baba alinipeleka ku lopitali, kwa docteur ya mifupa. Baba anafanya kazi mu atelier ya train, kule banatengenezaka bawagon, na anaangalia mwili ya muntu paka vile anaangalia wagon. Docteur, muzungu murefu mwenye kusema na kreyo ya kuandikia mu mukono, alitupigisha foto ya mifupa, akaiweka mbele ya dirisha, na akaanza kueleza mu kifransa. Mi njo nilikuwa nageuzia baba mu kiswahili, na nilijisikia mukubwa sana.

Nilimueleza vile. Mufupa ya mukono, kule juu, iko na kichwa ya mviringo. Omoplate, ule mufupa ya nyuma yenye inatembea chini ya ngozi, iko na kisahani kidogo kwa kupokea ile kichwa. Lakini kisahani haina kina, na kichwa ni kubwa kuipita. «Baba, ni kama tonge kubwa ya bukari juu ya kisahani ya kikombe.» Njo sababu bega inaweza kugeuka pande zote, na njo sababu inaangukaka kupita goti na kiwiko. Kwa kuzuia tonge, kuko mudomo ya laini yenye kuzunguka kisahani, halafu ngozi ya ndani na mishipa, halafu nyama yenye kukumbatia yote. Kwangu mudomo ulipasuka mbele. Unaninginia. Kila mara mukono inaenda juu na nyuma, tonge inapitia pale. Docteur anataka kufungua mbele ya bega, kushona mudomo ku mufupa, na kufupisha nyama moya yenye kupita mbele, ivute kama bretelle, ile mikanda ya mabega yenye kushika pantalon.

Baba alisikiliza na mikono nyuma. Halafu akasema, «Muulize anaweka boulon gani, chuma gani ya kufungia.»

Nikauliza. Docteur akasema hakuna boulon, ni uzi.

«Uzi,» baba akasema. Akaangalia docteur, akaangalia foto, akaniangalia mi. «Mu atelier sijaona muntu mwenye kufunga wagon na uzi. Uzi ni ya kushona robe.»

Docteur alicheka mupaka akaketi. Akasema mu Europe kuko baganga benye kuweka vis, misumari ya kuzungusha, mu ile mufupa, ni kweli. Baba uso yake ikafunguka mara moya. «Basi tungoje bale.»

Maneno ya kiisha operation hayakumufurahisha tena. Mukono itafungwa ku kifua majuma mingi. Halafu nitatembeza vidole ku ukuta, kupanda kidogo kila siku, kama buibui muvivu. Na mukono haitageuka inje sana kama zamani. Majiwe sitarusha tena. Baba akasema majiwe si kintu, lakini bukari? Atasonga bukari? Docteur hakujua kusonga bukari, ile ugali yetu, ni nini. Nikaamuka nimuonyeshe, nikakamata mwavuli yake, nikaisimamisha juu ya kikapo ya karatasi na kuanza kusonga, na docteur aliruka kuninyanganya mwavuli, anasema doucement, doucement, polepole, na kreyo yake ikaanguka.

Mu njia ya kurudi baba alifikiri sana, akafika ku neno moya: tungoje kwanza ndoa. «Kama uko mu nyumba yako, bega itakuwa maneno ya bwana yako.» Alisema vile bila haya, kama muntu mwenye kuuzisha kinga, baiskeli yake, na anajua frein ya kuisimamisha haishike.

Bwana yenyewe, ninamaanisha muchumba, anaandika mu biro ya kampani. Tulijuana mu koro ya paroisse. Anaimba vibaya lakini kwa sauti ya chini, na hiyo inaonyesha akili. Ni muntu ya kwanza mwenye aliniuliza nasoma kitabu gani, na akangoja jibu mupaka mwisho, hata mi mwenyewe nikachoka na jibu yangu. Mangaribi alikuwa anapita kwetu na kinga, na ku pembe ya lupango anapigisha ngele-ngele, kengele ya kinga, bila kugeuza kichwa, juu baba iko pale. Kampani inamutuma Kambove mbele mvua ianze. Akienda pale peke yake, atalala mu chumba na bavijana bengine. Akienda na bibi, banamupa nyumba. Kwa hiyo maneno yote ilianza kukimbia, na mi napendaka maneno yenye kukimbia.

Bega hakuijua. Shangazi alikataza.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, juu yote inatoka pale. Mbele ya mali, ile mahari, kufika, banamuke ya upande ya muchumba banakuya kuona mikono ya binti. Banaikala ku mukeka karibu na mbabula, jiko ya makala, na binti anapika bukari mbele yabo. Kama anakubali bwana, anasonga mupaka mwisho na kupakula kwa mikono yake. Kama hakubali, hasemi kintu, juu binti hawezi kusema «hapana» mbele ya bukwe, bantu ya upande ya bwana. Anaacha mwiko chini, anaikala, anageuza uso. Bageni banaamuka, banaenda, na hakuna muntu mwenye kukasirika kwa sauti. Bamama banapenda sana kuhadisia ile desturi. Lakini mi sijaona hata binti moya mwenye aliifanya. Bukari ikiwa karibu kuiva, bantu bote banasikiaka njaa.

Shangazi alitayarisha ile siku kama vita. Alinifunga mukono ya juu ku kifua, chini ya blouse, na kipande ya kikwembe, ili kiwiko isiende mbali. «Usonge na kiuno,» alisema. Tulifanya repetition mu lupango na nyungu ya matope, juu bunga si ya kuchezea, na jirani akainua kichwa juu ya ukuta ya lupango, akauliza kama kwa bamamère banafundisha kupika udongo. Na neno «bega» lisitoke mu kinywa ya muntu. «Hata ikichomoka,» shangazi akaniambia, «cheka.»

Bakafika. Mama ya muchumba ni mama munene, mupole, mwenye kuangalia bintu wakati murefu. Alikuya na badada yake, na kila dada na mutoto yake. Babwana balikuwa mu salon na baba, cravate ku shingo, banakunywa munkoyo ya mahindi na kusema juu ya mvua. Mi nilipiga magoti mbele ya mbabula, maji ikachemka, nikaweka bunga, nikaanza.

Mwanzo ilikuwa nzuri. Kiuno inaenda, mukono inafuata. Dada moya akasema, «Anasonga kama anacheza,» na bote bakaitika. Bukari ilikuwa inaanza kushikamana, nyeupe, na harufu ya kuitisha bantu. Halafu mama ya muchumba akaangalia nyungu, akaangalia batoto, na akasema polepole:

«Ongeza bunga, mama. Tuko bengi.»

Njo pale banapimaka binti. Nikaongeza. Bukari ikawa nguvu. Akaangalia tena.

«Kidogo tena.»

Muntu ya busara angefunika nyungu, angeacha moto ifanye kazi, halafu angesonga. Mi nilitaka imalizike, nipakule, bakule, baseme ndiyo, tuende Kambove. Nikasukuma mwiko kwa nguvu yote. Nikasikia kikwembe ya shangazi inafunguka chini ya blouse na kushuka polepole mupaka ku kiuno. Nikavuta mwiko. Mwiko ikakatala. Nikavuta tena, kiwiko ikaenda nyuma na juu, na kloc.

Sitaeleza maumivu, juu hakuna maneno yake. Mwiko ilianguka chini na bukari yake. Nikaikala mu vumbi. Machozi ilikuwa inakuya, basi nikageuza uso ili mama ya muchumba asiione. Na nikanyamaza kabisa, juu nilikatazwa kusema. Halafu nikakumbuka amri ya shangazi, nikacheka kidogo, meno ikifungwa.

Kama kuko njia nzuri ya kukataa bwana kupita ile, muntu hajaivumbua.

Mama yake aliangalia mwiko. Akaniangalia mi, mugongo, kichogo, kicheko. Wakati murefu, kama kawaida yake. Halafu akaamuka, akakunguta kikwembe.

«Tumesikia, binti yangu. Aksanti kwa kutusemea wazi.»

Na bakaenda bote, na batoto, na dada mwenye alisema nacheza. Mutoto moya aliangalia bukari nyuma mupaka bakafika barabarani. Shangazi alifungua kinywa. Niliona neno «bega» linafika ku meno yake. Halafu akafunga kinywa, na mu uso yake nikaona anafikiri, na kile anafikiri kinamupendeza.

Infirmier alishanifundisha namna ya kurudisha bega bila kisigino ya muntu: unalala juu ya meza, tumbo chini, mukono inaninginia inje ya meza na kintu nzito mu kiganja, na unangoja mupaka nyama ichoke na kuacha. Mama alinisaidia. Kintu nzito ilikuwa pasi ya makala, baridi. Lakini meza yetu ni moya, ile ya salon. Babwana ya upande ule balikuwa bameshafuata banamuke yabo. Baba alikuwa amebasindikiza, na wakati alirudi, alikuta mu nafasi ya masahani binti yake amelala na pasi mu mukono.

Bega ya kuume ilikuwa upande ya ukuta, uso yangu ilikuwa inje ya meza kama ya mbuzi mu mukokoteni, na ya baba niliona paka viatu. Viatu ilisimama. Baba akasema kama sikumupenda ule kijana, ningemwambia yee kwanza, baba yangu, mbele avae cravate. Akasema muntu hacheki bukwe. Akasema hata wakati anakataa, muntu iko na namna.

«Na uniangalie wakati nakusemesha.»

«Siwezi, baba. Nangoja bega.»

Viatu ikasogea karibu. Mama akamueleza, kwa sauti ya chini, kikwembe, bunga, kidogo tena. Baba akavuta kiti, akaikala, na sasa niliona na magoti yake.

«Njo kusema hukukataa.»

«Hapana.»

«Njo kusema unamutaka.»

Katika haya maneno yote, hakuna muntu mwenye aliniuliza ile. Habakuuliza wakati ya kupokea habari ya kwanza, habakuuliza wakati ya kufunga mukono. Nilisema ndiyo, kwa ciment ya chini na kwa viatu ya baba. Na paka pale, labda juu nilisahau kukaza nyama, bega ikarudi. Kloc. Pasi ikaanguka. Baba akaruka na kiti yake.

«Ile ni nini?»

«Imerudi, baba.»

Alifuta uso na cravate. «Boulon moya,» akasema. «Boulon moya tu.»

Alitaka kwenda kwa bukwe mara moya kueleza. Shangazi akasimama mu mulango. Ukieleza, alisema, utaeleza na kikwembe. Utasema tulijua, tulifunga, tulificha. Sasa hivi sisi ni bantu benye binti ya kiburi; kesho tutakuwa bantu benye kuuzisha mbuzi ya kilema. Yee ni mukubwa ya baba, alimubeba ku mugongo kule kwabo kaskazini. Baba akatoa cravate, akaitundika ku musumari. Na vile njo nilikataa bwana.

Ile bongo ilitembea vizuri sana. Ku robinet ya maji, banamuke baliniachia nafasi ya mbele. Rafiki yangu moya, monitrice, aliniuliza na macho ya kung'aa kama mwiko niliiacha polepole ao niliitupa. Mama moya mwenye hakunisalimia hata siku moya alimuonyesha binti yake mi nikipita. Familia ingine ilituma salamu kwa shangazi, halafu ingine tena, ya muntu mwenye kupikia bazungu ya kule mutaa ya Golf na mwenye viatu ya rangi mbili. Shangazi alianza kutembea na kifua mbele. Alisema tangu nikatae, niko na bei. Nikamuuliza kama ile familia inajua bega. Akasema usilete siasa mu nyumba.

Na yee, muchumba, alibadilisha njia. Anapita barabara ya pili, nyuma ya soko, hata kama ni ya mbali na iko na mashimo. Ku misa ya siku ya mungu tulikutana mu mulango. Aliondoa kofia, akainamisha kichwa kidogo, kwa heshima, vile banasalimiaka mujane. Koro ikaimba, na mara ya kwanza nikamusikia mu sauti zote, juu alikuwa anaimba kwa nguvu na vibaya kabisa. Kutuma muntu kwake siwezi. Bwana mwenye kukataliwa mbele ya mama yake, ukimutumia neno, ni kumucheka mara ya pili.

Njo vile tulifika leo. Mangaribi infirmier alipita na kusimama ku lupango, bila kuingia. Docteur anaenda congé, kupumzika kwabo. Iko na nafasi kesho asubuhi. Nikuye bila kukula, bila kunwa, na nywele ya kusukwa juu mukono haitafika ku kichwa siku mingi. Kama si kesho, ni mupaka arudi, na muntu hajue kama atarudi yee ao mwingine. Baba aliniangalia. Nilifikiri ataanza na boulon. Akasema, «Basi hata na uzi.» Halafu akaenda kulala, juu alijua shangazi iko nyuma yake.

Shangazi alisema kila kintu. Alisema ether inalalisha bantu na haibaamushe, na nikamujibu docteur analalisha bantu kila juma na banarudi kwabo kulalamikia chakula. Alisema kovu. Alisema nusu. Alisema humérus yangu. Na wakati yote ilikwisha, alitoa ile yenye ilikuwa chini:

«Ukienda kule, cité yote itajua hukukataa. Batasema ni bega njo iliangusha mwiko. Bale ya salamu batarudi nyuma.»

«Shangazi, njo kile nataka.»

Mukono yake ilisimama mu kalanga. Akaniangalia, labda mara ya kwanza tangu ile siku ya bukari.

«Unamutaka ule mwenye kuimba vibaya?»

«Ndiyo.»

«Sasa kwa nini hukusema?»

«Uliniambia nicheke.»

Halafu akacheka yee, kidogo, mu pua, akajaribu kuficha na kukohoa. Akasema si kwake njo naweza kurekebisha. Ni kwa ule mama. Baba hawezi kwenda, juu atakuwa anajitetea. Yee shangazi hawezi kwenda, juu yee njo alifunga kikwembe na haya iko na mwisho. Na binti hakwende kwa bukwe na miguu yake mwenyewe. Tangu babu ya babu hakuna mwenye aliifanya. «Atakufukuza na ufagio,» alisema, na akanipa kalanga zenye amepasula, kiganja muzima. Nilikula mara moya, juu kiisha hapa ni paka njaa.

Nimefikiri, na sitafikiri tena. Kesho asubuhi, wakati siren ya atelier inalia na banamuke banaanza kwenda ku robinet, nitavaa blouse ya vifungo vya mbele, yenye infirmier anaweza kutoa bila kuinua mukono. Nitapita kwanza kwa mama ya muchumba. Sitaingia. Nitapiga magoti ku mulango ya lupango yake, vile banasalimiaka bukwe, na nitamwambia: mama, sikumukataa mutoto yako, bega yangu ilichomoka, tangu zamani inachomokaka, na tulikuficha, leo docteur anaishona. Na kama anakamata ufagio, nitasema haraka. Halafu nitaenda ku lopitali, na jibu yake ao bila jibu yake.